Je, wajua? Kwa nini multimita husoma 180 kwenye inveta isiyo na kasoro

Umeme ukikatika Mtwara mjini, inveta ya wati 300 (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) na betri ya N70 hutosha kuwasha taa, televisheni na laptopu. Shida huanza mtu anapochomeka multimita, yaani kipimo cha umeme, na kuona volti 180 badala ya 230 za gridi. Mara moja husemwa kwamba inveta ni dhaifu, na ndiyo inayoua vifaa. La kwanza si kweli, na la pili ni kweli kwa baadhi ya vifaa tu.

Multimita ya bei nafuu hupima wastani, kisha huuzidisha kwa 1.11, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya wimbi laini la gridi. Inveta iliyoandikwa "modified sine wave" hutoa ngazi: volti huruka kutoka sifuri hadi 325, hukaa milisekunde 5, hushuka sifuri milisekunde 5, kisha huruka upande wa pili. Wastani wake ni 162.5, ukizidisha kwa 1.11 unapata 180. Lakini uwezo wake wa kupasha pasi ni uleule wa volti 230, na mita iliyoandikwa "True RMS", inayopima uwezo huo wenyewe, itakuonyesha 230 hiyo.

Hatari ni kuifungua inveta na kuzungusha kirekebishi cha volti mpaka mita ya kawaida isome 230. Hapo kilele cha wimbi kinaweza kufika volti 415, na kapasita kubwa (kihifadhi umeme) iliyo ndani ya chaja kwa kawaida imeandikwa 400V. Inaweza kuvimba kichwa, kisha kupasuka. Hivyo ndivyo chaja ya laptopu inavyoweza kuponzwa, halafu lawama zinaangukia umbo la wimbi.

Kwa kweli chaja ya laptopu haijali sana umbo hilo. Ni kama simtanki: ujaze kwa ndoo au kwa mpira, bombani maji hutoka vilevile. Chaja hugeuza umeme kuwa wa moja kwa moja (DC), huuhifadhi, ndipo huugawa. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kwa kawaida iko salama, ingawa kompyuta za mezani zenye pawa saplai kubwa nyingine hugoma.

Wanaoumia hasa ni vifaa visivyo na tanki hilo. Fungua tochi ya kuchaji yenye pini za kuchomoza: utakuta kapasita ya rangi ya udongo, mara nyingi imeandikwa 105J 400V, ikipunguza umeme bila transfoma. Kapasita hupitisha mkondo kwa kadiri volti zinavyobadilika kwa kasi. Fikiria mtumbwi uliofungwa Mikindani: maji yakijaa taratibu, kamba hulegea na kukaza bila tabu; yakiruka mita 3 kwa mpigo, kamba inakatika. Kila ngazi ya inveta ni mruko kama huo, mara 200 kwa sekunde. Kapasita na rezista yake huweza kuungua, pamoja na taa za LED za bei rahisi na raketi za mbu zilizoundwa hivyohivyo.

Feni nayo hunguruma. Ndani ya ngazi hizo mna mawimbi ya ziada, kubwa kuliko yote likiwa la hezi 150, lenye ukubwa wa theluthi ya lile kuu la hezi 50. Halisaidii kuzungusha panga, hupasha waya tu. Washa nusu saa, chomoa, kisha gusa mota. Ikiwa moto kupita ilivyo kwenye gridi, usiiache ikeshe.

Kwa friji, pampu na mashine ya oksijeni, nunua inveta iliyoandikwa "pure sine wave".