Kokteli ya nazi na mnanaa: laini, nzito, na isiyokatika

Anayeiandaa kokteli hii nyumbani kwa mara ya kwanza huhangaikia ramu, achague ipi na aweke kiasi gani. Ramu haina shida. Kazi yote iko kwenye tui. Ukilimiminia ndimu, pombe kali na barafu bila mpangilio, tui linakatika: maji yanakaa chini, madonge meupe yanaelea juu, na chembe za mafuta zinaganda kwenye ulimi. Bado inanyweka, ila ule ulaini uliokuwa ukiutafuta haupo tena.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasiungane. Vitu vitatu huvuruga mpango huo. Cha kwanza ni asidi: ndimu hufanya protini hizo zishikane na kuacha kazi yake. Cha pili ni baridi, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na barafu iko sifuri. Cha tatu ni joto kali, maana kuanzia karibu nyuzi 80 protini hizo huiva na kujitenga. Kokteli yetu ina viwili vya kwanza ndani ya glasi, na cha tatu kinakusubiri jikoni unapotengeneza krimu.

Kwa hiyo tui la kawaida halitoshi peke yake. Kinachohitajika ni krimu tamu ya nazi, yaani tui zito lililoyeyushiwa sukari nyingi. Sukari hufanya maji yawe mazito, na matone ya mafuta hayakutani kwa urahisi. Ipo ya kopo, lakini ya kutengeneza mwenyewe ina harufu nzuri zaidi na unajua kilichomo. Chukua tui zito ml 400, sukari nyeupe gramu 300 na chumvi gramu 2. Pasha kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka sukari iyeyuke yote, ukilenga nyuzi 60 hadi 70: mvuke unaonekana, mapovu hayajaanza. Ukiona linaanza kutokota, umechelewa. Epua hapo hapo. Likiwa bado la uvuguvugu, lipige kwa blenda sekunde 30 ili matone ya mafuta yavunjike yawe madogo zaidi. Usiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayotofautisha krimu inayobaki laini siku nne na ile inayojitenga usiku uleule. Utapata karibu ml 580.

Tui la kopo likiwa limegandamana juu, tumbukiza kopo zima, likiwa bado limefungwa, kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, kisha litikise kabla ya kulifungua. Soma pia kibandiko. Tui zito la kweli lina mafuta yanayokaribia asilimia 17 au zaidi, na lile linaloitwa jepesi halifai hapa hata kidogo. Ukikuta limeongezwa gamu ya guari, usiogope: ni unga wa mbegu unaozuia tui kujitenga, na kwa kokteli ni msaada mtupu. Ukikuna nazi mwenyewe, tumia kasimile tu, yaani tui la mkamuo wa kwanza, na krimu yake uimalize ndani ya siku mbili au tatu kwenye friji. Ya tui la kopo hufika siku tano.

Vipimo vya glasi moja ni hivi:

– ramu nyeupe ya asilimia 40, ml 50
– krimu tamu ya nazi, ml 40
– maji ya ndimu yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, ml 20
– majani ya mnanaa 10 hadi 12, pamoja na kichomozo kimoja cha kupambia
– chumvi, chembe chache tu
– barafu ya kutikisia, gramu 150 hivi, na nyingine mpya ya kuweka kwenye glasi

Pima ndimu kwa kikombe cha vipimo, usihesabu matunda. Ndimu moja yaweza kutoa ml 15 na jirani yake ml 35, na tofauti hiyo inatosha kuiharibu kokteli nzima. Usiikamue mpaka ganda lijikunje. Mafuta ya ganda yana uchungu, na uchungu huo hujitokeza zaidi penye krimu.

Sasa mnanaa. Wengi huuponda kwa mchi kana kwamba wanasaga viungo vya mchuzi. Harufu ya mnanaa imo kwenye vifuko vidogo vilivyo juu ya jani, na mguso mdogo unatosha kuvipasua. Ukiendelea kuponda unatoa kilichomo ndani ya jani lenyewe: utomvu wa kijani wenye ladha ya nyasi, uchungu, na vimeng'enya vinavyolifanya jani liwe jeusi likikutana na hewa. Katika kokteli hii sipondi kabisa. Majani yanaingia mazima kwenye chombo cha kutikisia, na vipande vya barafu vinayapasua kiasi kinachohitajika. Chagua mnanaa wa harufu tamu na laini. Ule mkali unaokumbusha dawa ya meno una mentoli nyingi, nao huimeza nazi yote.

Mpangilio ndio huu. Toa krimu kwenye friji mapema mpaka imiminike yenyewe. Ikiwa ngumu, itavunjika vipande vikikutana na barafu na havitayeyuka tena. Mimina krimu, ramu na chumvi kwenye chombo cha kutikisia, funga, tikisa sekunde tano bila barafu. Hapo krimu inasambaa sawasawa kabla ya baridi kuigusa. Fungua, weka majani, mimina ndimu, jaza barafu mara moja na utikise kwa nguvu sekunde 12. Ndimu iwe ya mwisho siku zote. Ikimwagwa juu ya krimu tupu ikaachwa hata dakika mbili, utaona nyuzinyuzi nyeupe zinaanza kujitokeza. Ikiingia kwenye mchanganyiko uliokwisha kulainishwa na kutikiswa papo hapo, tui linahimili kwa muda wote utakaokuwa unakunywa.

Kama huna chombo maalumu, chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kisichovuja inafaa vizuri. Chuja mara mbili, mara ya pili kwa chujio la chai, maana vipande vya majani vilivyobaki hugeuka vyeusi na kunata kwenye meno. Mimina juu ya barafu mpya. Ile uliyotikisia imeshalowa na itaifanya kokteli iwe ya maji. Kichomozo cha kupambia kigonge mara moja katikati ya viganja, kikae karibu na mrija ili pua ipate harufu kila unapovuta. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya mnanaa ni harufu hiyo.

Kwa barafu iliyoyeyuka wakati wa kutikisa, utapata karibu ml 150 zenye pombe ya asilimia 13 hivi. Huo ni ukali wa divai, ingawa utamu wa krimu hukufanya usiuhisi. Mwambie unayemkaribisha.

Anayetaka rangi ya kijani asiongeze majani kwenye chombo, atengeneze shira ya mnanaa. Tumbukiza gramu 30 za majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 15 tu, uyahamishie kwenye maji ya barafu, uyakamue, kisha uyasage kwa blenda pamoja na ml 250 za shira baridi (sukari na maji kwa uzito sawa) na uchuje kwa kitambaa. Yale maji moto huua vimeng'enya vinavyoleta weusi, na rangi hudumu siku kadhaa. Tumia ml 10 za shira hii, na badala ya krimu ml 40 weka ml 30 pamoja na tui zito ml 15, la sivyo utamu utazidi. Majani mabichi yabaki vilevile, kwa kuwa maji moto yameondoa sehemu ya harufu.

Ya kusagwa na barafu ina masharti yake. Usiweke majani kwenye blenda, tumia shira. Ulimi uliopoa hauonji utamu vizuri, kwa hiyo pandisha krimu mpaka ml 50. Ramu usiiongeze, kwa sababu pombe ikizidi barafu haishikani na utapata maji yenye punje. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Zaidi ya hapo blenda yenyewe inaanza kuyeyusha barafu.

Kuna wanaoongeza maziwa au malai ya ng'ombe ili iwe nzito zaidi. Penye ndimu, usifanye hivyo: protini ya maziwa huganda haraka kwenye asidi, na utakuwa unatengeneza jibini. Uzito zaidi utoke kwenye tui zito, ml 15 kwa glasi.

Kwa watu wanane changanya mapema ramu ml 400, krimu ml 320 na chumvi nusu kijiko cha chai, uweke kwenye friji hadi siku moja. Ndimu, ml 160, ikae chombo chake. Krimu ikijitenga na kuganda juu, iache chupa nje nusu saa na uitikise. Kisha tikisa glasi mbili mbili, ukipima ml 180 za mchanganyiko na ml 40 za ndimu kila mara.

Isiyo na pombe hufuata njia ileile: badala ya ramu weka maji ya dafu ml 60, punguza krimu mpaka ml 35, na ongeza majani yafike 14, kwani pombe ndiyo iliyokuwa ikivuta harufu ya mnanaa kutoka kwenye jani.