Kwa nini mgonjwa yuleyule hurudi dharura ya afya ya akili

Malalamiko yanayotufikia zaidi siku hizi ni haya: "Mlimruhusu juzi tu, leo kachafuka tena. Mnatibu nini?" Uchovu wa familia inayouliza hivyo tunauelewa. Lakini kitengo cha dharura hakikuwekwa kumaliza ugonjwa. Kazi yake ni kutuliza hali inayohatarisha maisha, kuchunguza kama chanzo kiko mwilini, mathalani maambukizi au sukari kushuka, kisha kuamua mgonjwa alazwe au arudi nyumbani. Matibabu yenyewe yanaendelea kliniki, na huko wengi hawafiki.

Dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, huchukua wiki kadhaa kufikia nguvu yake yote. Fujo hupungua ndani ya siku chache, ila sauti anazosikia mgonjwa huchelewa kuondoka. Familia ikiona analala na kula, inasema kapona, vidonge vinawekwa kabatini. Hapa naomba tusikilizane: kutulia si kupona. Hata aliyeugua mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa angalau mwaka mmoja baada ya dalili kuisha. Na hapana, dawa hizi hazimgeuzi mtu kuwa teja. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Wapo wanaoacha kwa sababu ya haki kabisa. Baadhi ya dawa humfanya mtu ashindwe kutulia: anakaa, anainuka, anakanyaga mguu huu na huu palepale aliposimama, usiku kucha. Nyumbani wanadhani ugonjwa umerudi, wanamwongezea dozi, hali inazidi. Hayo ni madhara ya dawa na daktari anaweza kuyatibu kwa kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Anayesahau vidonge anaweza kupewa sindano ya kila wiki 2 hadi 4. Anayetumia klozapini, mojawapo ya dawa hizi za skizofrenia, akiikosa kwa zaidi ya saa 48 asirudie dozi yake ya zamani; huanzishwa upya kwa miligramu 12.5, kwani dozi kubwa ya ghafla inaweza kuporomosha shinikizo la damu.

Mgonjwa anayekana kuwa anaumwa mara nyingi si mkaidi. Kutojitambua ni sehemu ya ugonjwa. Kumgombeza hakusaidii. Utafiti ulioanza London miaka ya 1950 ulionyesha kuwa waliorudi kwenye nyumba zenye lawama na uhasama waliugua tena zaidi.

Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua. Anayerudi akisema hataki kuishi hajatusumbua hata kidogo. Mleteni saa yoyote.

Mnapokuja, leteni karatasi ya ruhusa, paketi zote za dawa hata zilizo tupu, na mtu anayeishi naye, anayejua kidonge cha mwisho kilimezwa lini. Msifiche pombe wala bangi kwa kuogopa lawama: baadhi ya sindano za kutuliza zikikutana na pombe mwilini zinaweza kuzuia pumzi.