Mimba ikitoka: kosa la yai au madhara ya nje?

Mimba ya wiki nane imetoka bila sababu. Kimetokea nini?

Mara nyingi kosa lilikuwepo tangu siku ya kutunga. Yai huleta kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 23, mbegu ya mume 23. Yai likikosea kujigawa, kiumbe huweza kupata 47 badala ya 46, na ukuaji hukwama mapema. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya kromosomu. Kromosomu ya 16 ikizidi, mimba haifiki mbali. Ndoo ya maji uliyobeba haikuhusika, wala ugomvi wa nyumbani. Kulala kitandani kusingeiokoa. Tunasisitiza hili kwa sababu wanawake wengi wanalaumiwa bure.

Basi ni ugonjwa wa ukoo?

Kwa kawaida hapana. Ni kosa la yai lile moja. Linaongezeka na umri wa mama, hasa baada ya miaka 35. Mimba zikitoka tatu mfululizo, wapimwe wote wawili. Mume mzima kabisa anaweza kuwa na kipande cha kromosomu kilichohamia mahali pengine.

Mazingira yanaingia wapi?

Zaidi mimba inapokua, na hapa kinga ipo. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, bila mama kupata homa, na hata kipimo cha damu ya kidoleni kikasema hana. Kondo likijaa vimelea, chakula na hewa ya mtoto hupungua. Ndiyo maana kwenye maeneo ya malaria hutolewa SP, dawa ya kukinga malaria: vidonge 3 kwa mkupuo, kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana mwezi au zaidi, zisipungue dozi 3. Asidi ya foliki ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Tumia ya 0.4. Anayemeza septrini (dawa ya kuzuia maambukizi) kwa ajili ya VVU hapewi SP.

Kaswende nayo huua mtoto tumboni hata miezi ya mwisho. Pima hudhurio la kwanza. Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, ugonjwa wa muda mrefu hudungwa mara tatu, wiki kwa wiki. Mume asipotibiwa, unaambukizwa upya.

Na kundi la damu?

Rh ni alama kwenye chembe za damu: aliye nayo ni chanya, asiye nayo ni hasi. Mama mwenye Rh hasi akijifungua mtoto mwenye Rh chanya, adungwe anti-D (sindano ya kingamwili) ndani ya saa 72, ili kinga yake isishambulie damu ya mtoto atakayefuata.