Nani kasema mamajusi walikuwa watatu?

Kila Krismasi, kwenye maigizo ya Sunday school, wafalme watatu huingia zizini na kupiga magoti pamoja na wachungaji. Mathayo sura ya 2, Injili pekee inayowataja, haisemi hivyo. Haitaji idadi yao, wala haiwaiti wafalme. Ni mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Idadi ya watatu imekisiwa kutokana na zawadi walizomletea Yesu: dhahabu, uvumba na manemane. Wakristo wa kale hawakukubaliana. Kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, mchoro mmoja una mamajusi wawili, mwingine wanne. Mapokeo ya Wakristo wa Kisiria huwahesabu kumi na wawili. Taji za kifalme zilitoka kwenye Zaburi ya 72 na Isaya 60, inayotaja wafalme, dhahabu na uvumba.

Na zizi? Wachungaji wamo kwenye Injili ya Luka, usiku ule ule wa kuzaliwa. Mamajusi waliingia “nyumbani”, wakamkuta mtoto na Mariamu mamaye. Yawezekana miezi mingi ilikuwa imepita, kwani mfalme Herode aliagiza wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili na chini, kwa kadiri ya muda aliouhakikisha kwa mamajusi.