Kufundisha Kiingereza China: tunayosikia na yaliyopo

Nilisoma shahada ya pili Changsha, mkoani Hunan, na haukupita mwezi bila ndugu au rafiki wa rafiki kunitumia ujumbe uleule: "Nasikia huko wanatafuta sana walimu wa Kiingereza. Nisaidie na mimi." Jirani yangu alikuwa mwalimu kutoka Durban aliyefundisha sekondari ya serikali, na mara nyingi nilikaa nyuma ya darasa lake. Naandika haya kwa sababu nimeona watu wetu wakiumia kwa kufuata maneno ya kusikia.

"Mradi unajua Kiingereza, kazi ipo"

Kazi ipo kweli, ila sheria inatazama pasipoti kwanza, ulimi baadaye. Mwalimu wa lugha kwa kawaida anatakiwa atoke nchi ambako lugha hiyo inahesabiwa kuwa ya kuzaliwa. Kwa Kiingereza zinazotajwa ni saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Juu ya hapo awe na shahada ya kwanza na miaka miwili ya kufundisha, ingawa mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kimataifa cha kufundisha lugha anaweza kusamehewa hiyo miaka miwili. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea hayumo kwenye orodha. Naona si haki, na nitaendelea kusema si haki, maana nawajua walimu wetu wanaoifafanua sarufi vizuri kuliko wengi wenye pasipoti hizo. Lakini uchungu wangu haumsaidii mtu mbele ya afisa wa uhamiaji. Mwenye taaluma ya hisabati au sayansi na uzoefu wa kufundisha ajaribu shule za kimataifa, kwa sababu huko sharti la lugha ya kuzaliwa kwa kawaida halimbani.

"Ingia na viza yoyote, mengine yatatengenezwa ukifika"

Haya ndiyo maneno ya madalali. Viza ya kazi ni Z, nayo hutangulia safari. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na kama hukufikia hotelini unatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Viza ya matembezi, ya biashara au ya masomo haikupi ruhusa ya kusimama mbele ya ubao ukalipwa. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi kinyume cha utaratibu, na kosa likiwa kubwa anawekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Anaweza pia kuondoshwa nchini.

Kijana mmoja niliyemfahamu alikuwa akisoma uhandisi huku jioni akifundisha chekechea. Waliomwajiri walimwambia kila mtu anafanya hivyo. Siku polisi walipokuja, wao walimkana. Alirudishwa nyumbani zikiwa zimebaki wiki chache amalize shahada, na mama yake alikuwa ameshauza kiwanja kwa ajili ya masomo hayo. Tangu hapo, anayeniandikia kwamba anakuja kufundisha namwomba picha ya viza yake. Herufi isipokuwa Z, namsihi asikate tiketi.

"Ni kuimba na kucheza na watoto tu"

Jirani yangu alikuwa na madarasa kumi na sita, kila moja wanafunzi hamsini hivi, na kila darasa alilifundisha mara moja kwa wiki. Piga hesabu: watoto mia nane. Majina yao hakuyamaliza mpaka mwaka wa pili, na hilo lilimsumbua kwelikweli. Mtihani mkubwa wa kumaliza sekondari, gaokao, hufanyika Juni. Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, lakini kwenye mikoa mingi mazungumzo, ambayo ndiyo kazi anayopewa mgeni, hayaingii kwenye alama hizo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyechoka, ambaye jana usiku alikuwa bado darasani akijisomea, hutoa daftari la hisabati chini ya meza. Wageni wengi huona hiyo ni dharau. Mimi nilimwona mtoto anayehesabu dakika alizobakiwa nazo.

Ule ukimya nao husomwa vibaya. Mwalimu anauliza swali, macho yote chini, anahitimisha kwamba hawajui. Kumbe kukosea mbele ya wenzako hamsini ni kupoteza kile Wachina wanachokiita "mianzi", yaani heshima ya uso, na anayejibu haraka mno naye huonekana anajionyesha. Yule wa Durban alibadilisha njia. Anauliza, kisha anawapa dakika mbili wanong'one wawili wawili, ndipo anamwomba mmoja aseme walichokubaliana, kwamba likiwa kosa ni la wote wawili. Kulikuwa na binti wa dirishani ambaye muhula mzima sikuwahi kumsikia. Siku hiyo alisimama akaeleza jinsi bibi yake anavyokausha pilipili juu ya paa. Sentensi nne. Darasa zima lilimgeukia.

"Pesa ziko kwenye tuisheni"

Zilikuwako. Julai 2021 serikali ilipiga marufuku tuisheni ya faida katika masomo ya msingi ya shule, ikazuia kufundishwa mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo, ikakataza pia kuajiri walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto wa China kwa intaneti. Vituo vingi vilifungwa. Anayekuahidi leo kazi ya kukaa Nairobi ukawafundisha watoto wa shule wa Beijing, muulize vizuri.

"Baridi iko kaskazini"

Beijing nyumba hupashwa joto kwa mfumo wa mji kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Kusini ya mto Huai, iliko Changsha, mfumo huo kwa kawaida haupo. Januari Changsha ni nyuzi chache juu ya sifuri, yenye unyevu, na ndani ya darasa ni vilevile. Wanafunzi huandika wamevaa makoti, kila mmoja na chupa yake ya maji ya moto. Nunua nguo za ndani nzito kabla ya shati la kazini.

"Mwislamu atalala njaa"

Hapana. Tafuta maandishi 清真, yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, wana migahawa ya tambi za Lanzhou karibu kila mji. Na ukiona mgahawa wa Wauyghur, Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, agiza polo: wali, nyama ya kondoo, karoti, sufuria moja. Mtu wa Pwani ataitambua pilau kabla hajaambiwa.

"Nitapiga WhatsApp"

Imezuiwa tangu 2017. Huko wote hutumia WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe na kupigiana, kuanzia mkuu wa shule hadi muuza mboga. China iko mbele yetu saa tano: mwalimu akirudi chumbani saa nne usiku, nyumbani ni saa kumi na moja jioni, mama hajaanza kupika. Mwekee WeChat kwenye simu yake mapema, na ukae naye mpaka aweze mwenyewe kuipokea simu yako.