Vifaa vya jeshi vya 1937: vilibadilishwa lini?

Mkanda wa jeshi uliobadilishwa si lazima uwe feki. Vifaa vya Uingereza vya mtindo wa 1937, yaani mikanda na mifuko ya pamba nzito waliyovaa hata askari wa King's African Rifles kule Burma mwaka 1944, vilichovywa rangi na kushonwa upya jeshini kwenyewe. Cha kutafuta ni lini.

Anza na uzi. Kata ncha iliyolegea upande wa ndani, iguse na moto mbali na kifaa. Pamba huacha majivu na harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu, na hapo kuna mkono wa siku hizi. Tochi ya UV nayo husaidia, ila sabuni za unga za leo huacha mng'ao kwenye kitambaa kizima. Uking'aa mshono peke yake, ndipo utilie shaka.

Mhuri ndio unaoongopewa zaidi, kwa sababu mwaka wa vita hupandisha bei. Chukua lenzi. Mhuri wa kiwandani, tuseme M.E.Co. (kampuni ya Mills Equipment) na mwaka, ulipigwa kwenye kitambaa kipya: pale nyuzi zilipochakaa, wino umeondoka nazo. Wa juzi hutambaa kwenye manyoya ya pamba iliyolika, na huingia hata kwenye mikwaruzo. Ukikuta wino umekaa juu ya Blanco, ule unga wa rangi ambao askari walipaka vifaa vyao, basi rudisha mkanda mezani kwa muuzaji. Mpangilio halali ni mhuri chini, Blanco juu.

Shaba nayo hutoa siri. Bizimu iliyokaa miaka mingi huacha doa la kijani. Doa lisilo na bizimu, au safu ya matundu ya sindano yasiyo na uzi, inaonyesha kitu kimehamishwa. Chungulia pia chini ya ncha za shaba: kifaa cha jeshi la anga cha rangi ya buluu-kijivu kilichogeuzwa kaki hubakiza buluu humo.

Mkanda wa kiuno uliofupishwa kwa mkasi haueleweki kabisa, maana una kulabu za kurekebishia kiuno ndani.

Wengi wanaoanza kukusanya hukosea kwenye mikanda ya mabegani. Ya Uingereza hupungua upana, inchi 2 hadi 1, ikiwa imefumwa kipande kimoja. Ya India mara nyingi imeungwa kwa mshono tangu kiwandani. Hiyo usiikatae.