Kisima chako hakitoki Kilimanjaro

"Shekhe, theluji ya Kilimanjaro inakwisha, ndiyo maana kisima changu kimeingia chumvi." Nimeyasikia haya Jambiani, nimeyasikia Paje, na karibuni kayasema mwenye nyumba ya wageni ambaye keshamlipa mchimbaji ateremke mita kumi zaidi "mpaka aukute mshipa wa bara". Basi nayaandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia.

Mshipa wa bara, yaani mkondo wa maji unaotoka bara chini kwa chini mpaka kisiwani, haupo. Kilimanjaro iko kama kilomita 400 kutoka hapa Unguja. Maji ya upande wake wa kusini hukusanywa na mto Pangani ukayamwaga baharini, na mengi ya hayo ni mvua ya ukanda wa msitu, si barafu ya kileleni. Na barafu yenyewe imepimwa. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupiga mlima picha kutoka vituo mbalimbali, na kwa picha hizo ikachorwa ramani: barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Baadaye zikaja picha za ndege, kisha setilaiti. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Asilimia kama 85 imekwenda. Ingekuwa barafu hiyo ndiyo inayolisha visima vya Unguja, vingi tungekuwa tumeshavifukia. Mbona kila masika vinapanda?

Kisima chako kinalishwa na mvua iliyonyesha hapa hapa kisiwani. Inapenya kwenye jiwe la matumbawe, halafu inakaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Hesabu yake ni hii: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake ziko kama mita 40. Ukivuta kwa pampu mpaka maji yakashuka nusu mita na yakabaki hapo, chumvi inaweza kupanda kama mita 20 kukufuata. Sasa wewe unachimba kwenda chini! Unakwenda kuipokea.

Asiyeamini ateremshe tepu kisimani bahari ikijaa na ikitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Karibu na ufuo ataona maji ya kisima nayo yanapanda na kushuka. Kilimanjaro haina maji kujaa. Kisha aonje alfajiri kabla ya pampu, aonje tena jioni baada ya wageni kuoga. Ushauri wangu ni ule ule, na watu hawaupendi kwa sababu hauna mashine: nunua tepu na daftari, pima kila Ijumaa, vuta kidogo kidogo kwa muda mrefu, na maji ya paa yaingie tangini badala ya kukimbilia barabarani.

Mengine ninayoambiwa kuhusu barafu ya Kilimanjaro ni mepesi kuyajibu.

"Barafu imerudi, nimetumiwa picha mlima mweupe." Hiyo ni theluji iliyoanguka jana, na wiki ijayo huenda isiwepo. Wapimaji hungoja theluji mpya iondoke ndipo wachore mpaka wa barafu ya kudumu. Tena picha haikwambii unene. Kwa huo watu huchomeka vijiti kwenye barafu na kurudi kuangalia vimejitokeza kiasi gani.

"Kileleni kuna joto siku hizi, barafu inachuruzika." Wastani pale juu ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Hewa ilikauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na jua likazishika kuta za barafu.

"Ikiyeyuka yote, bahari itatuzamisha." Bahari za dunia zina eneo la kilomita za mraba kama milioni 361. Mimina barafu yote iliyobaki Kilimanjaro humo: haifiki sehemu ya elfu moja ya milimita. Bahari inapanda, ni kweli, lakini ni kwa maji yake kutanuka kwa joto na kwa barafu ya Greenland, Antaktika na milima mingine mikubwa.

"Walisema itakwisha 2020, mbona ipo? Waongo." Ule ulikuwa utabiri, na ulikosea. Ramani ya 1912 na picha za 2011 ni vipimo, na havitegemei utabiri ule hata kidogo.